Mtaro wa Stima

Kazi yangu ni kueleza. Kampuni iliyosimika mitambo ya upepo juu ya vilima vya Kilungu iliniajiri kwa sababu nimezaliwa hapo chini, na kwa sababu sichoki kuulizwa swali lile lile. Kwenye baraza la kijiji, watu walipotaka kujua upepo unageukaje kuwa stima, nilitafuta mfano rahisi. Stima ni kama maji, nikasema: mtambo ni chemchemi, waya ni bomba, na gridi ni tangi kubwa ambamo kila mji unachota. Wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Niliupenda sana mfano ule.

Sasa, kwetu chemchemi ikiwa kilimani mwenu, mnachimba mtaro na kuteremsha bomba. Hamsubiri mtu. Maji ya soko letu yaliletwa hivyo na mwethya, kikundi cha akina mama wanaofanya kazi kwa zamu katika mashamba ya wenzao.

Siku chache baadaye shangazi yangu, mwenyekiti wa mwethya huo, alinipigia simu nipite. Nikakuta mtaro. Ulianzia mlangoni mwa kanisa, ukakata katikati ya michungwa, ukapanda kilima kuelekea mtambo wa kwanza. Kingo zilikuwa zimechongwa vizuri, mawe yamepangwa kando. Akina mama walikuwa bado ndani yake, wanachimba.

"Mwalimu wa upepo huyo!" mmoja akaita. "Kuja tuone kama hiyo mikono inajua jembe!"

"Mwache, atatoka malengelenge tulaumiwe na ofisi," mwingine akajibu, wakacheka wote.

Shangazi akanipa uji, katika kikombe cha wageni. "Sisi karibu tunamaliza. Wewe leta waya tu. Tunaanza na taa za kanisa, halafu ile mashine ya kutotoa vifaranga. Tumeshainunua."

Nikakiweka kikombe chini. Stima ya mtambo haiwezi kuingia nyumbani hivyo. Inapelekwa kituoni, inaongezwa nguvu, inaingia kwenye gridi. Kuirudisha kijijini kunahitaji transfoma, na kijiji chetu hakikupangiwa hata moja. Nilijua hayo yote siku ya baraza. Hakuna aliyeuliza, nami sikutaka kuuharibu mfano wangu.

"Shangazi, huu mtaro hautaleta stima," nikamwambia kwa sauti ya chini, nikamweleza sababu.

Hakunikemea. Angenikemea, ningepata nafuu. Aliutazama mtaro, kisha akanitazama mimi.

"Mimi nimesikia," akasema. "Nenda uwaambie wenyewe. Kwa Kikamba chetu. Na usiwape mfano mwingine."

Nikasimama ukingoni nikawaambia. Lakini mtaro ulikuwa mrefu, na waliokuwa juu hawakunisikia. Ikabidi niufuate kupanda kilima, nikirudia maneno yale yale kila nilipolifikia kundi, na nyuma yangu majembe yakinyamaza moja baada ya jingine.