Maji ya Kunawa Mikono

Maji yaliyopasua injini ya Mwalimu Kamande yalikuwa maji ya kunawa mikono, na aliyeyamimina kwenye rejeta ni mimi. Aliyelaumiwa ni mke wake. Nimefanya ufundi wa magari Minnesota, Marekani, kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, nimefundisha vijana, nimepewa saa na cheti siku ya kustaafu, na kila nikiombwa nieleze kazi yetu ilivyokuwa, najikuta natafuta namna ya kuisimulia bila injini ile. Sijaipata. Kwa hiyo nitaisimulia nayo. Majina ya wenye gari si hayo ninayoyatumia hapa.

Nilianza kazi Richfield, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika karakana iliyokuwa karibu sana na uwanja wa ndege. Ndege ikipita tulikatisha mazungumzo, ikiisha tunaendelea pale pale tulipoachia. Nilitoka Morogoro, nilikokuwa fundi wa malori, na nilijiona najua. Msimamizi wa Karakana, mzee wa Kizungu mwenye sauti ya chini, hakuniuliza nilisomea wapi. Alinipeleka nyuma ya jengo akanionyesha injini iliyolazwa juu ya mbao. Ubavuni ilikuwa na ufa mrefu kuliko kiganja changu. Akaniuliza nadhani iligongwa na nini. Nikasema labda jiwe, labda ajali.

"Maji," akasema. "Yaliganda humo ndani. Yakiganda yanatanuka, na chuma hiki hakitanuki." Akanitazama. "Kwenu rejeta ikipungua mnaongeza nini?"

"Maji, bosi."

"Hapa ukiongeza maji umeua gari la mtu. Halitakufa leo. Litakufa Januari, wakati wewe umeshasahau."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza, na hayo ndiyo maneno niliyopewa. Sikuwa na kisingizio cha kutokujua, na ndiyo maana nayaandika mapema.

Kwa wasioijua kazi: katika rejeta za huku huweki maji matupu. Unaweka kulanti, kimiminika cha kijani ambacho siku zile tulikichanganya na maji nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unavumilia baridi kali kuliko ile ya friza ya nyumbani. Ukizidisha maji, nguvu inapungua. Kuujua tulitumia kipimo cha kioo chenye mpira wa kuminya juu na vijipira vinne vya rangi ndani. Unafyonza kidogo kutoka kwenye rejeta, unatazama. Vikielea vyote, gari liko salama. Vikizama, mwite mwenye gari.

Msimamizi alikuwa na sheria moja asiyoibadilisha kwa mtu yeyote. Gari haliondoki bila kadi ndogo ya njano kufungwa kwenye kifuniko cha rejeta, imeandikwa kiwango cha baridi kilichopimwa na jina la aliyepima. "Kama hujapima," alisema, "usiniambie umemaliza." Kwake Oktoba ilikuwa mwezi mrefu kuliko yote. Tulipima betri, tulibadilisha oili nzito kwa nyepesi, tulifunga matairi ya theluji, tulipaka grisi kwenye mipira ya milango ili isigande ikashikana na bodi. Tulifunga pia hita ya injini, kifaa kinacholala ndani ya bloku, ule mwili wa chuma wa injini, na waya wake unatokeza mbele ya gari. Mwenye gari huuchomeka kwenye umeme usiku kucha kama anachaji simu ya leo. Wageni kutoka Afrika walipoona magari yaliyochomekwa ukutani walicheka sana. Majira ya baridi ya kwanza yalipoisha, hawakucheka tena.

Watu wetu walinijua haraka. Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, wanaume wa Kenya na Tanzania walikusanyika kwenye maegesho ya kanisa, boneti zimefunguliwa safu nzima, kila mtu akitazama injini ya mwenzake kama anayetazama ng'ombe wa mahari. Wengi walifanya kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa, wengine walikuwa wanafunzi, na gari ndiyo mali ya kwanza waliyoipata katika nchi hii. Mmoja alimwagia kioo maji ya moto ili barafu itoke. Kioo kikapasuka kutoka kona mpaka kona, akabandikwa jina la Mpishi mpaka alipohama.

Kati yao hakuna aliyelipenda gari kama Mwalimu Kamande. Alikuwa amefundisha hesabu Nyeri, na sasa alifanya kazi katika nyumba ya wazee Saint Louis Park. Gari lake lilikuwa la rangi ya kahawia, la milango minne, viti amevivisha vitambaa vya mistari alivyoshonesha mwenyewe. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula chuma, kwa hiyo kila siku baridi ilipolegea kidogo alikwenda kuliosha gari tumbo. Wenzake walimuuliza kama ameshalipeleka kwa wazazi wake wakalione. Alikuwa na daftari la mistari, na kila jambo lililofanywa kwenye gari aliliandika humo kwa mwandiko wa ubaoni.

Mke wake, Mama Shiro, ndiye aliyelitumia gari zaidi. Alikuwa msaidizi wa wauguzi, na mwaka ule alianza masomo ya uuguzi Saint Paul, siku tatu kwa juma. Kwa basi ilikuwa kupanda mara tatu na kusubiri nje. Bila gari hapakuwa na masomo. Hilo nililijua wakati ule ule, halikuwa siri.

Jumamosi moja ya Oktoba Mwalimu aliniomba nikamtazamie gari kwake, Richfield hiyo hiyo. Karakana ilitukataza kazi za pembeni, lakini mtu wa kwenu akikuita huendi kumsomea sheria za bosi wako. Nilikuta mpira wa chini wa rejeta, bomba linalopeleka kulanti kwenye injini, umechoka, nikaubadilisha. Ukiutoa mpira huo, karibu nusu ya kilichomo kinamwagika. Nilikuwa nimekuja na kulanti kidogo kwenye galoni, ikaisha kabla rejeta haijajaa. Mwalimu alikuwa ameingia ndani kupokea simu. Mama Shiro akatoka na ndoo ndogo ya maji ya uvuguvugu, taulo begani na kikombe cha kuchotea.

"Nawa mikono, Fundi," akasema. "Chai iko tayari. Usiache ipoe, nimeweka tangawizi."

Akaweka ndoo chini, akarudi jikoni. Nilinawa kwa vikombe viwili. Kisha mkono wangu, mkono wa Morogoro uliojaza rejeta za malori asubuhi elfu moja, ukainyanyua ile ndoo na kumimina maji yaliyobaki. Rejeta ikajaa. Nilijua nilichofanya. Nilijiambia Jumatatu nitarudi na kulanti, nimwage, nijaze upya, nipime. Sikupima, sikufunga kadi. Nikaingia kunywa chai, na mezani Mwalimu akafungua daftari akaandika ninavyomwambia: mpira mpya, kulanti imejazwa. Mimi ndiye niliyemtamkia maneno hayo mawili ya mwisho.

Jumatatu theluji ya kwanza ilianguka na karakana ikafurika magari. Jumanne nilisahau. Zilipopita wiki tatu nikakumbuka, nikaona aibu kurudi na kusema ukweli, nikajipa moyo kwamba labda maji yenyewe yalikuwa machache. Novemba na Desemba mwaka ule hazikuwa kali. Kila nilipomwona Mwalimu kanisani nilisalimia nikiwa natembea.

Januari baridi kali ilipiga kwa siku nne mfululizo. Siku ya tatu gari la kahawia lililetwa karakana likiwa limevutwa. Mwalimu alishuka kwenye gari la kuvuta na daftari lake kwapani, nyuma yake Mama Shiro akiwa bado na sare ya kazi. Tulilisukuma ndani kwenye joto. Lilipoanza kuyeyuka likadondosha matone ya kijani hafifu, kisha mkondo. Msimamizi akainama na tochi, akauona ufa ubavuni mwa bloku. Kwa kipimo akafyonza kile kidogo kilichobaki kwenye rejeta. Kijipira kimoja kilielea nusu, vitatu vikalala chini.

"Mtu ameweka maji," akasema kwa ile sauti yake. Hakumtazama yeyote. Hakujua kwamba niliwahi kuligusa gari lile.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Ningesema, kazi ningeipoteza, hilo nililiona wazi. Niligeuka nikawauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya daktari, kama kuna mtu aliyeongeza maji.

Mwalimu alifungua daftari akapitisha kidole kwenye mistari. "Mimi hapana. Ningeandika." Akamgeukia mke wake. "Mama Shiro, ni wewe?"

"Sijawahi hata kufungua hiyo boneti."

"Fundi anasema kuna maji."

"Maji pekee nimewahi toa nje ni yale ya Fundi kunawa." Akanitazama, si kwa kunishuku, bali kama mtu anayemwita shahidi wake. "Si unakumbuka, Fundi?"

Nilisema nakumbuka, na kwamba chai ilikuwa nzuri.

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko maneno yoyote niliyowahi kusema. Mwalimu alifunga daftari. Akasema, polepole, kwamba alishamwambia mkewe mara nyingi asiguse kitu asichokijua. Kabla hawajaondoka nilimsikia Mama Shiro akimwambia mumewe mlangoni, "Labda niliweka, sijui. Hizo siku nilikuwa nimechoka sana."

Wengine watasema niliogopa kufukuzwa. Ni kweli, lakini haitoshi. Jioni ile ile ningeweza kwenda kwao, bosi hayupo, nikasema. Sikwenda kwa sababu Richfield nzima iliniita Fundi, na nililipenda jina hilo.

Mama Shiro aliacha masomo muhula ule. Walipopata gari lingine, Mwalimu alikaa na funguo. Alimpeleka kazini na kumrudisha, akisema mpaka atakapojifunza gari. Mama Shiro alimaliza uuguzi miaka mitatu baada ya wale alioanza nao.

Mimi nilihama Richfield mwaka uliofuata. Nilikwenda Saint Louis Park, kwenye karakana ya magari ya kusambaza mizigo. Mkuu wa Magari pale alikuwa mwanamke mfupi aliyejua kila gari kwa mlio wake, alisimama uani saa kumi na mbili asubuhi akisema, "Namba tisa, stata yake inalia, lirudishe." Nilimpelekea wazo la kadi ya njano, akalikubali, akanisifu mbele ya wenzangu kwa uangalifu wangu. Kutoka hapo nikahamia Plymouth, kampuni yenye magari ya mafundi umeme, na huko nikapewa kufundisha wapya. Niliwaonyesha bloku iliyopasuka kama nilivyoonyeshwa. Waliniuliza nani alifanya kosa lile. Nilisema, "Mtu aliyekuwa na haraka." Meneja wa Huduma alinipenda kwa sababu katika miaka yangu yote pale halikuganda hata gari moja. Kila sifa niliyopewa ilikuwa juu ya kitu nilichojifunza kwa gari la mtu mwingine na masomo ya mke wake.

Nilipostaafu watu wa kanisa walinifanyia chakula. Mwalimu Kamande, mvi tupu, alisimama akasema nilikuwa fundi mwaminifu kuliko wote aliowahi kuwajua. Chakula kilipoisha nilimwomba tutoke mpaka maegeshoni, na hapo, kati ya magari, nilimweleza yote: mpira, ndoo, kikombe. Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja kwanza.

"Nilipoandika kwa daftari, ulijua naandika uongo?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Wewe ulinyamaza," akasema. "Lakini ni mimi nilimnyima funguo. Wacha nimwambie mwenyewe. Niachie."

Nikamwachia. Sijui kama nilifanya hivyo kwa heshima au kwa sababu alikuwa amenipa tena ruhusa ya kunyamaza. Majira mawili ya baridi yamepita tangu siku ile. Mwalimu tukikutana ananishika mkono kama zamani, hasemi kitu, nami siulizi.

Oktoba iliyopita Mama Shiro alikuja kwangu peke yake akiendesha gari lake mwenyewe. Sasa ni muuguzi mkuu wa zamu, naye anakaribia kustaafu. Aliniomba nimpimie kulanti kabla ya baridi. Nilipofungua boneti alirudi nyuma hatua mbili, mikono ameitia kwenye mifuko ya koti.

"Mimi huko sigusi, Fundi," akasema. "Wewe unajua historia yangu."

Alikuwa anatabasamu. Nilimtazama nione ni tabasamu la namna gani, la mtu anayejicheka au la mtu anayesubiri nianze, na sikuweza kujua. Nilifyonza kwa kipimo. Vijipira vyote vinne vilielea. Nikamwandikia kadi ya njano, nikaifunga, nikaweka jina langu. Kisha akaniuliza kama kuna mahali pa kunawa mikono, ingawa hakuwa amegusa chochote.