Kosa la Kwenye Pembe ya Mkeka

Nina mkeka wa plastiki nyumbani tangu Jumamosi, na mpaka leo sijaukalia. Niliununua Misugusugu, kando ya barabara, kwa akina mama wanaosuka mikeka kwa mifuko na chupa zilizotupwa. Kila nikiupita nauangalia kwa jicho la pembeni. Usinicheke, ndugu yangu. Nimelelewa na bibi, na bibi yangu hakumwamini mtu.

Alikuwa msukaji wa mikeka kule Masaki ya Kisarawe. Baraza letu lilinukia ukindu mbichi na rangi inayochemka sufuriani, na kazi yetu wajukuu ilikuwa kuloweka ukindu, kumenya mihogo na kunyamaza. Yeye alisuka mashupatu, zile kanda ndefu nyembamba, kisha akayashona pamoja mpaka mkeka ukatimia. Kwenye pembe moja ya kila mkeka aliuachia makusudi ukindu mmoja mwekundu uruke njia yake. "Kitu kisicho na kosa huita kijicho," alisema. Kosa lile hakumfundisha mtu, hata mama yangu.

Ndipo akahamia jirani, mwanamke wa bara. Kila asubuhi alipita na kiroba akiokota chupa za maji na mifuko ya rambo, enzi hizo imezagaa hadi mashambani. Chupa alizikata zikawa kata za kuchotea maji, nyingine akazipasua na kuzipaka rangi zikawa maua mekundu, akayaning'iniza mlangoni kwake. Niliyatamani maua yale, jamani, lakini nilipita mbio.

"Mtu mzima haokoti uchafu bure," bibi alituonya. "Chupa uliyoitia mdomo ina mate yako. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Basi hatukutupa chupa mpaka tuitoboe mara tatu kwa msumari wa moto, ili isimfae. Mtoboaji nilikuwa mimi.

Kila alasiri jirani alikuja barazani. "Shikamoo, mama." Bibi aliitika marahaba bila kuinua kichwa. Yule mama alikaa pembeni akitazama tu vidole vya bibi vikisuka, hasemi, haulizi. Alipoondoka bibi alifagia pale alipokaa.

Haukupita muda, mkono wa kulia wa bibi ukavimba. Hata kushika ukindu akashindwa. Leo nadhani ni baridi yabisi, maana vidole vile vilisuka tangu usichana wake, lakini siku zile kijiji kizima kilishajua mchawi ni nani. Kisimani wanawake wakaacha kumwitikia salamu.

Naye akaja na mkeka wa mifuko ya bluu na nyeupe. "Pole na mkono, mama. Nimekusukia cha kukalia mpaka upone."

Bibi hakushukuru. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe, na pale utepe mmoja mwekundu ulikuwa umeruka njia. "Umeniibia hadi kosa langu!" Akaniamuru niuchome. Niliuburuta nyuma ya jiko, nikawasha kiberiti. Plastiki ilidondoka matone meusi yenye moto, moshi ukanikaba koo. Nilijua kabisa kwamba ulikuwa mzuri, na nikaendelea kuchochea moto. Jirani alisimama akatazama mpaka ukaisha. Wiki haikuisha akahama, maua akayaacha mlangoni, na hakuna aliyethubutu kuyatoa.

Mkono wa bibi haukupona. Alifariki bila kumfundisha yeyote, na mikeka yake imeliwa na mchwa. Mimi hata kuanza shupatu sijui.

Jumamosi, kwa mazoea tu, niligeuza pembe ya mkeka. Nyekundu ilikuwa imeruka njia. Nilimuuliza msukaji, kwa ukali nadhani, nani kamfundisha kosa hili.

"Mama mmoja, sasa ni marehemu," alinijibu. "Alituambia hapa lazima tukosee, maana mwalimu wake wa Kisarawe alikuwa anakosea hivyohivyo."

"Mwalimu wake?"

"Ndiyo, dada. Na kila akianza mkeka alikuwa anamwombea kwanza. Eti mkono wake upone."

Nililipa, nikaukunja mkeka, nikaondoka bila kuaga. Sasa uko sebuleni, na bado nashindwa kuukalia. Kiberiti kile nilikiwasha mimi.