Pikapu ya Kalisti

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya ujana wangu kuliko nyingine zote, na si kwa sababu ilikuwa njema. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, majira ya mvua, nami nilikuwa fundi wa miaka ishirini na mitatu katika gereji ndogo ya Mzee Gaspari, pale Kicukiro. Vita ilikuwa kaskazini. Sisi wa Kigali tuliisikia redioni, na tuliiona katika vipuri: kitu ulichokuwa ukikipata kwa siku moja sasa kilingojewa mwezi mzima. Fundi aliyejua kubuni ndiye aliyeitwa fundi. Mimi nilijua kubuni, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu.

Asubuhi hiyo alikuja Kalisti, mtu wa Kabeza, na pikapu yake kuukuu. Yeye na mkewe Domitila walikuwa wakinunua viazi vijijini na kuvileta sokoni.

"Hii gari iko inaburuza tumbo," akaniambia. "Njia ya kule imelimwa na mvua. Juzi jiwe limenishika katikati, nikashusha magunia yote peke yangu. Unaweza kuiinua kidogo? Lakini ujue, uwezo wangu ni mdogo."

Nikamwambia aniachie siku tatu. Nyuma ya gereji kulikuwa na lori lililokufa zamani. Nikakata vipande viwili vya chuma kwenye fremu yake, nikaviweka kati ya ekseli ya nyuma na springi, nikapinda boliti ndefu za kuvibana. Mbele nikaongeza jani moja la springi kila upande. Siku ya tatu pikapu ilisimama juu kwa vidole vinne zaidi. Kalisti akaizunguka mara mbili, akapitisha mguu chini ya tumbo lake, akacheka peke yake. Mafundi wenzangu wakaacha kazi zao wakaja kutazama. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilikuwa mgema huyo.

Mzee Gaspari hakusifu. Aliuliza jambo moja tu.

"Umeipiga jeki kwenye fremu, magurudumu yakaning'inia, ukatazama mpira wa breki?"

Nikueleze, maana hapa ndipo penye kisa. Ukiinua gari, ekseli inakaa mbali zaidi na mwili wake, na mpira unaopeleka mafuta ya breki nyuma unavutwa. Gari ikiwa imesimama huoni kitu. Gurudumu likiangukia shimoni, mpira unakazika kama kamba ya mbuzi. Dawa yake ni kushusha kidogo kile kishikio kinachoushika. Ni kazi ya nusu saa, na haitaki kipuri chochote.

Sikuwa nimetazama. Nikasema, "Nimetazama, Muzehe."

Kwa nini nilisema hivyo? Kalisti alikwisha shika ufunguo, na watu walikuwa wananiangalia. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta miaka yote hii. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Juma moja halikupita. Kalisti alikuwa anateremka mlima na mzigo wa viazi, Domitila kando yake, gurudumu la nyuma likazama kwenye shimo na mpira ukachomoka. Akakanyaga breki, mguu ukaenda hadi chini. Ili wasiangukie bondeni, akaipeleka gari kwenye ukingo wa udongo. Yeye alivunjika mkono. Domitila alivunjika nyonga.

Pikapu ilivutwa hadi kwetu ikawekwa pembeni. Kila mtu alikuwa na neno lake. Wengine walisema ni mvua, wengine walisema Kalisti alisinzia. Mimi nilijua, mwanangu, bila hata kuinama chini yake. Nilinyamaza siku tisa, na kila aliyesema ni mvua, nilimwitikia kwa kichwa.

Siku ya tisa Mzee Gaspari, mtu wa miaka zaidi ya sitini, alitandika gunia akaingia mwenyewe chini ya ile gari. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameushika ule mpira mkononi. Nilingoja anipigie kelele, na ningefurahi kama angenipiga. Alisema tu, "Vaa shati safi. Tunaenda hospitali."

Njiani nikamwuliza, "Muzehe, utawaambia nini?"

"Mimi sina la kuwaambia. Kinywa kilichosema nimetazama ndicho kitakachosema sikutazama."

Tulimkuta Kalisti ameketi kando ya kitanda cha mkewe, mkono umefungwa shingoni. Domitila alikuwa amegeukia ukuta. Nikasimama mbele yao nikasema yote: mpira, swali la mzee, na uongo wangu. Sikutaja mvua.

Kalisti alimwinamia mkewe akasema polepole, "Domi, umesikia? Nilikanyaga. Nilikanyaga breki."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimekifanya. Siku tisa mtu yule alikuwa akijiuliza mguu wake uliangukia wapi. Shemeji zake walikuja wakamwita msinziaji mbele ya watu. Mkewe hakuwa amemsemesha tangu siku ya ajali, naye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba alisinzia kweli.

Domitila aligeuka taratibu kwa maumivu, akaweka mkono wake juu ya goti la mumewe. Kisha akanitazama.

"Siku tisa," akasema. "Na wewe ulikuwa unakula, unalala?"

"Nilikuwa nakula, Mama."

Hakuniuliza lingine. Niliitengeneza pikapu ile upya kwa mikono yangu, na Kalisti alinisamehe kabla mwaka haujaisha. Domitila alichechemea tangu hapo. Msamaha wake sikuusikia, wala sikumdai.

Tulipokuwa tunarudi Kicukiro, mzee aliniambia, "Mpira nitausahau. Hata mimi nimewahi kusahau mpira. Zile siku tisa ndizo sitazisahau." Mwaka wa tisini na nne ulitupokonya watu wengi mno, na Mzee Gaspari alikuwa mmoja wao. Sina kaburi lake la kuzuru. Nina maneno yake hayo, na leo nakukabidhi wewe unayeanza kushika spana.

Mwanangu, mtu mwenye pesa kidogo ana haki ya kazi nzima. Buni, lakini usibuni jibu. Ukiulizwa kama umetazama nawe hujatazama, sema hujatazama, hata kama mteja amekwisha washa gari na watu wamejaa uani. Na ukikosea, maana utakosea, usimwachie mwenzako aubebe mzigo wako hata siku moja, kwa kuwa hujui anaubebea wapi. Chuma kilichopinda nimekinyoosha mara nyingi. Zile siku tisa za Kalisti sijaweza kumrudishia.

Mungu aibariki mikono yako, aupe ulimi wako ujasiri. Na wote watakaopanda gari ulizozigusa, wafike kwao salama.