Siki Katika Sikio la Tima

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako. Harufu ya siki mimi hainipi hamu ya achari. Hunirudisha kisiwani Koyama, nina miaka kama kumi, na mdogo wangu Tima anajikuna sikio kwa kijiti mpaka machozi yanamtoka.

Sikio lile lilitoa uchafu mweupe wenye madoa meusi, kama mkate ulioota ukungu. Mama akampeleka kwa Tabibu Shee, aliyefundishwa tiba ya Kiyunani na babake. Mzee yule alimgeuza kichwa juani, akachungulia kwanza, ndipo akasema: sikio limeingiwa na baridi na unyevu, ukungu umepata makao, basi likaushwe. Pamba, kisha moshi wa ubani, kisha matone matatu ya siki iliyozimuliwa kwa maji ya waridi. Akanigeukia mimi. “Na wewe mkubwa, bahari marufuku kwake mpaka niseme.”

Siku ya sita ya dawa maji yalikupwa sana, wasichana tukashuka mwambani kuokota kauri. Tima akalilia kuja. Nilimchukua, kwa kuwa alijua kuzamia kunishinda na mimi nilitaka kapu langu lijae. Alizamia mara nyingi, na tulipopanda ufukoni akaniambia, “Dada, sikio linavuma ndani.” Nikaogopa fimbo. Nikachukua siki tupu, sikuizimua, nikalijaza sikio, nikidhani ukali wake utafuta kosa langu upesi. Alipiga ukelele majirani wakaja mbio.

Tabibu alipochungulia tena, akakuta kiwambo cha ndani ya sikio kimetoboka. “Nani kamtia siki tupu?” Tima kimya. Mimi kimya. Lawama akabeba mama, aliyekuwa akimtia matone kila siku, na hakujitetea.

Upande ule Tima hakusikia tena. Sasa tuko Mombasa, wote vikongwe, na akisemeshwa hugeuza shingo kama kuku aliyeona mwewe. Wajukuu hucheka. Mimi sicheki. Hajanisema hata leo.

Siku hizi kuna madaktari wenye taa ya kuchungulia, na kuna simu zinazomfanya kila mtu tabibu. Juzi nilimkuta mkamwana wangu akipasha mafuta na kitunguu saumu, mtoto kashika sikio.

“Mama, kwenye simu wamesema ni dawa ya asili.”

“Wamemtazama mtoto ndani?”

Nikayamwaga mafuta, nikawaita wote ukumbini, Tima nikamkalisha upande anaosikia, nikasema mbele yake nililolifanya. Kisha nikaamuru: nyumba hii sikio la mtoto halitiwi kitu mpaka mwenye kujua alichungulie, na atakayekosea aseme siku hiyo hiyo.