Mzee wangu alivyokataa nyama ya wakwe Ringwani, na tulichokikuta mdomoni mwake

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Hili limetokea nyumbani kwetu, nimekaa nalo muda, sasa naona niliweke hapa. Sijaongeza chumvi. Jina la mdogo wangu tu ndilo nimebadilisha, maana naye ana simu na humu anapita.

Mimi ni Mkurya, nyumbani ni upande wa Nyakunguru, Tarime. Kazi yangu iko Natta, napika kwenye camp ya watalii. Mzee wangu ni mfugaji. Mdogo wangu wa kike, tumwite Bhoke, alipata mchumba wa Ringwani, kijana mwalimu, mtulivu, hana makuu. Wote tulimpenda.

Mazungumzo ya mahari yakaenda vizuri mpaka tukafika hatua ya wazee wetu kwenda kwa kijana kuangalia ng'ombe. Na mimi nikawemo kwenye msafara.

Wakwe walichinja mbuzi. Mzee wangu, kama mkubwa wa msafara, akakatiwa kipande chake cha heshima, mbavu za kuchoma.

Kwa msiotujua: ukikatiwa nyama ile, unaila watu wakikuona. Ukiikataa umesema una neno moyoni, au unaogopa sumu. Hakuna maana ya tatu.

Mzee akaitia mdomoni. Akakaa nayo. Kisha nikamwona anaitoa taratibu, anaificha kiganjani, na iliyobaki akampa jirani yake. Akasema ameshiba.

Ameshiba nini wakati tulitoka nyumbani na chai tupu?

Baba wa kijana aliona. Ng'ombe hatukuonyeshwa, tukaambiwa wamechelewa kurudi malishoni, tuje siku nyingine. Jamani, ng'ombe wanachelewa siku ambayo wakwe wamekuja kuwaangalia? Tukaelewa, tukaaga.

Siku chache baadaye mshenga akapiga simu. "Wazee wanauliza, mkwe ana neno gani na sisi? Kama hataki binti aje huku, aseme tu, hatugombani."

Bhoke alilia sana. Mzee alipoulizwa alijibu, "Sina neno na mtu," akachukua fimbo yake akaenda kwa ng'ombe. Kijijini wakaanza yao. Huyu anasema mzee karogwa, yule anasema anataka kupandisha mahari. Mchumba mwenyewe akawa anapokea simu kwa sauti ya chini kama yuko kanisani.

Aliyegundua ni Bhoke. Alikuwa anatoa vyombo, akaona tonge la ugali ambalo mzee ameling'ata akaliacha. Lina damu.

Akaanza kuunganisha. Mzee ameacha mahindi ya kuchoma. Siku hizi ni uji tu. Na ugoro hanusi tena, anaubana kwenye fizi.

Akanipigia: "Kaka, tata hakukataa nyama. Hawezi kuitafuna."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Nikamwamkia, nikamuuliza taratibu. Akawaka.

"Mura, mimi nilisimama mbele ya kisu sikupepesa jicho. Leo nikalie jino kwa wakwe?"

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Kwetu kijana anapotahiriwa hatakiwi kuonyesha maumivu, na mimi mwenyewe nimepita hapo, sina ugomvi na hilo. Lakini mtu anachukua sheria ya asubuhi moja anazeeka nayo. Fizi zinatoa usaha, meno yanacheza, yeye kimya. Inaniudhi mno, maana wake na watoto ndio wanaobaki kubahatisha ana nini.

Tuendelee.

Bhoke hakubishana naye. Alimwambia tu, "Tata, basi nenda kwa ajili yangu." Mzee akaomba koti lake.

Kipindi hicho kulikuwa na watu wa chuo kikuu wanafanya utafiti kwenye kituo cha afya tulichompeleka, wanachunguza meno na kupima sukari kwa watu wazima. Mimi nilidhani wamechanganya mambo mawili ili wamalize safari moja.

Daktari wa meno alikuwa dada mmoja mpole. Akampa shikamoo, akamulika mdomoni. Halafu akaanza kuuliza: Mzee, unasikia kiu sana? Usiku unaamka kukojoa? Nguo zimeanza kukupwaya?

Mzee akanigeukia. "Nimeleta meno, mtoto huyu anaulizia mkojo?"

Nilicheka. Wakamtoboa kidole, nikaacha kucheka. Sukari ilikuwa juu. Wakamrudisha kesho yake kabla hajala, bado iko juu.

Dada yule akatueleza kwa lugha ya kawaida. Sukari ikizidi mwilini, fizi zinashambuliwa kirahisi na haziponi haraka. Na fizi zikiwa na infection ya muda mrefu, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Kila moja inampalilia mwenzake. Ndiyo maana wanavipima pamoja.

Akasema pia kwamba angeachwa hivyo hivyo, baadaye macho, figo na miguu vingekuja kudai. Mzee aliposikia miguu akaacha ubishi. Mfugaji bila miguu ni nini?

Alianzishiwa dawa za sukari, akasafishwa ule ugaga ulioganda chini ya fizi, na meno yaliyokuwa hayashikiki yakang'olewa. Nisije nikamdanganya mtu: kutibu fizi hakujamponya kisukari, dawa anakunywa mpaka leo. Ila sukari imeshuka, mdomo hautoi damu, na anakula.

Likabaki suala la Ringwani.

Nilitegemea atamtuma mshenga akaeleze. Akakataa. Akasema nyama aliikataa mwenyewe, atakwenda mwenyewe.

Tukafika, tukakaribishwa kwa adabu ya baridi ile. Nyama ikaletwa, kipande kile kile, macho yote kwake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee akasimama. "Mkwe, siku ile sikuikataa nyama yako. Tazama."

Akafungua mdomo wote, mbele ya wazee, vijana na wanawake waliokuwa jikoni. Mapengo matupu. "Yalikuwa yananiuma. Nikaona aibu kusema."

Wakuu, mimi baba yangu sijawahi kumsikia akitaja maumivu tangu nizaliwe. Machozi yalinitoka pale pale na sikuyaficha.

Baba wa kijana akaitazama nyama iliyokuwa mbele yake mwenyewe, akaisukuma pembeni.

"Mkwe," akasema, "mimi siku ile nilimeza nzima nzima. Nyama sijatafuna tangu mwaka jana."

Mkewe akashika mdomo kwa mshangao. Hata yeye alikuwa hajui!

Wanawake wakacheka hao, nyama yote ikarudishwa sufuriani, ikachemshwa mpaka ikaachana na mfupa. Tukaila na supu yake, na ng'ombe tukaonyeshwa. Mzee wangu, mtu wa kukagua ng'ombe mpaka kwato, siku hiyo hakuwaangalia sana. Alimvuta mkwe wake pembeni ya zizi, nikamsikia anamuuliza kwa sauti ya chini:

"Usiku unaamka kukojoa?"

Bhoke ameolewa. Wazee hao wawili sasa kliniki wanakwenda siku moja, na anayechelewa anasemwa.

Nilichojifunza ni kifupi. Mdomo ni sehemu ya mwili, usiutenge. Fizi zinazotoa damu kila mara zipelekwe hospitali, na ukifika omba na kipimo cha sukari. Na kama una mzee nyumbani ambaye siku hizi anashiba mapema, usimuulize kama anaumwa, atakwambia hapana. Mwangalie anavyotafuna.

Madaktari mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na wengine, nani ana mzee wa namna hii? Mlimpelekaje?