Koti la Njano Kando ya Bwawa

Kwa wiki tatu nilishinda kwenye mabwawa ya samaki ya Mama Akinyi, karibu na Oyugis, nikichunguza ndege wa majini. Niliapa sitaondoka bila kujua kinachowafanya waruke. Kila mawingu yalipotanda nilivaa koti langu la mvua la njano, na ndege wote wakaruka. Mimi na digrii yangu tukaandika: "Ndege hawa hukimbia mvua."

Juzi nilimleta msimamizi wangu ajionee. Manyunyu yakaanza, nikavaa koti, ndege wakatoweka. "Umeona, daktari?" nikatamba.

Msimamizi akageuza kichwa. Alikuwa anatazama bwawa la jirani, ndege wamejaa, wanakula huku wananyeshewa.

Mama Akinyi akamshika mkono. "Daktari, usimtoe huyu msichana hapa. Tangu aje na hilo koti, sijatundika tena magunia ya kufukuza ndege."