Siku Nanyori Alipocheka

Mwalimu Vaileth alikuwa amefundisha chekechea kwa miaka kumi na tisa, katika chumba kimoja kilichopakana na migomba ya kanisa, huko Nkoaranga. Alijulikana kwa ukali, na wazazi walimpendea hilo hilo. Mtoto aliyepita mikononi mwake alifika darasa la kwanza akijua kusoma, kusalimia na kutulia.

Mmoja tu ndiye aliyemshinda: Nanyori, binti wa Magreth, mwenye miaka sita. Akiitwa, haitiki. Akiambiwa asimame, anakaa mpaka awaone wenzake wamesimama. Vaileth aliona ni ujeuri, na kwa mihula miwili akawa akimweka kona ya nyuma, uso ukutani.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, baridi na ukungu viliwafungia ndani. Vaileth akafungua kompyuta aliyopewa na mdogo wake wa Moshono, akawaambia wote watazame, akamgeuza na Nanyori kwa mkono. Spika ilikuwa imekufa, kwa hiyo akaweka filamu za zamani za vichekesho, zile zisizo na sauti.

"Mwalimu, mbona hawaongei?" akauliza Kisioki.

"Wewe tazama tu."

Fundi mmoja mwembamba alikuwa amebeba ngazi begani. Kila akigeuka, ngazi inamkumba askari aliye nyuma yake. Watoto walikodoa macho wasielewe. Ghafla kicheko kikapasuka kutoka kona ya nyuma, kikubwa, cha kukwaruza. Alikuwa Nanyori. Akaja mbele bila ruhusa, akawa anawaonyesha wenzake kwa mikono kabla jambo halijatokea: sasa atageuka, sasa askari atainama, sasa ndoo ya chokaa! Ikawa hivyo hivyo. Darasa zima likaangua kicheko.

Vaileth alipigwa na butwaa. Huyu aliyemwona mjeuri asiyefundishika amewatangulia wote?

"Nanyori!" akaita akiwa nyuma yake. Hakugeuka. "Nanyori!"

Mfuniko wa sufuria ya uji aliokuwa ameushika mwalimu ukamponyoka, ukalia kwenye sakafu ya saruji. Watoto wote waliruka. Nanyori hakupepesa hata jicho, bado anacheka na filamu.

 Vaileth akaketi kwenye kibenchi cha watoto, mkono mdomoni.

Watoto walipotoka, alimfuata Nanyori hadi shambani kwao, ambako Magreth alikuwa akichuma kahawa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Magreth, mwanao anasikia?"

Magreth akacheka. "Anasikia anachotaka. Mkaidi kama baba yake."

"Mwite."

Nanyori alikuwa hatua tano mbele, amewapa mgongo. Magreth akaita. Akaita tena, akapiga yowe. Mtoto akaendelea kuchezea majani. Kikapu kikamdondoka Magreth, kahawa ikatawanyika.

"Ile homa," alisema. "Alipokuwa na miaka mitatu. Mungu wangu! Nimekuwa nikimchapa, mwalimu."

"Na mimi nimemgeuza ukutani," Vaileth akajibu, machozi yakimtoka.

Daktari wa masikio mjini alithibitisha: sikio moja halisikii kabisa, la pili linasikia kidogo. Nanyori akapata kifaa cha kusikilizia na nafasi ya mbele darasani. Kila Jumamosi Vaileth alikwenda naye Olasiti kwa kijana kiziwi aliyewafundisha lugha ya alama. Nanyori alishika haraka. Mwalimu wake alijikwaa kila mara.

Kwenye mkutano wa wazazi, Vaileth alisimama akaeleza yote, pamoja na ile kona.  Mama mmoja aliinuka taratibu, akamshika kidevu mwanawe aliyekuja naye, akamgeuza ampe mgongo, akanong'ona jina lake kwa nyuma, akangoja aone kama atageuka.